Rula haivuti karatasi? Tafuta chaji inakovujia

Jaribio la kwanza la umeme tuli halina siri kwa aliyepita kidato cha pili: unasugua rula ya plastiki kwenye nywele, unaisogeza juu ya vipande vya karatasi, karatasi zinairukia. Ubaoni halijawahi kugoma. Lifanye Tanga au Mombasa mwezi wa Aprili, saa nane mchana, uone: karatasi zimelala kimya, na darasa zima linatoka likiamini kwamba umeme tuli ni mambo ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Lifanye Dodoma mwezi wa Agosti, linakubali mara ya kwanza. Rula ileile, kichwa kilekile. Tofauti iko kwenye njia ambayo chaji inatorokea, na ukishaijua njia hiyo, sehemu kubwa ya somo hili inajifungua yenyewe.

Chaji kwanza. Kila kitu kimejengwa kwa atomu, na ndani ya atomu kuna protoni zenye chaji chanya na elektroni zenye chaji hasi. Chaji ya protoni moja na ya elektroni moja ni sawa kwa ukubwa, 1.6 × 10⁻¹⁹ kulombu (kulombu ni kipimo cha chaji), ila alama zake zinapingana. Protoni zimefungiwa ndani ya kiini. Huzitoi kwa kusugua hata rula ikayeyuka mkononi. Zinazohama ni elektroni. (Kwenye plastiki huhama pia ioni, yaani atomu zilizopungukiwa au kuongezewa elektroni, na hata chembechembe za kitu chenyewe, kwa kazi yetu ya hapa elektroni zinatosha.) Kitu kilichopata elektroni za ziada kina chaji hasi, kilichopokonywa kina chaji chanya, na jumla haibadiliki: zilizoongezeka kwenye rula zimepungua kichwani. Anayeandika kwenye mtihani kwamba protoni zimehamia kwenye kioo kilichosuguliwa anakosa alama, na anayeandika kwamba kusugua kumetengeneza chaji naye anakosa.

Majina "chanya" na "hasi" tumeachiwa na Benjamin Franklin tangu karne ya 18, wakati hakuna aliyejua ni nini hasa kinachohama. Alibahatisha. J. J. Thomson alipoigundua elektroni mwaka 1897, ikawa imeangukia upande wa hasi, na ndiyo maana hadi leo mshale wa mkondo kwenye mchoro wa saketi unaelekea kinyume cha safari ya elektroni.

Kulombu moja ni chaji kubwa ajabu. Charles-Augustin de Coulomb alionyesha mwaka 1785 kwamba nguvu kati ya chaji mbili inafuata zao la chaji hizo, gawanya kwa umbali uliojizidisha. Weka kulombu moja hapa na nyingine mita moja kutoka hapo: zitasukumana kwa nyutoni 9 × 10⁹, sawa na uzito wa tani zaidi ya laki tisa. Puto lililosuguliwa vizuri linabeba kiasi kama mikrokulombu 0.1 (mikrokulombu ni sehemu moja ya milioni ya kulombu). Maputo mawili ya namna hiyo, yakiwa sentimita 10 kati yake, yanasukumana kwa nyutoni 0.009, uzito wa karibu gramu moja. Yatenganishe hadi sentimita 20, inabaki robo. Kwa kipande cha karatasi ambacho hakina chaji yake, nguvu inaporomoka haraka zaidi ya hapo. Kwa hiyo usikae na rula sentimita tano juu ya meza ukisubiri muujiza. Shusha hadi sentimita moja.

Kuna pia kikomo ambacho ufundi wa mkono hauwezi kukivuka. Hewa kavu inapasuka na kutoa cheche ikifika kama volti 30,000 kwa sentimita. Ukipiga hesabu, sehemu bapa haiwezi kubeba zaidi ya nanokulombu 2.7 kwa kila sentimita ya mraba, yaani elektroni bilioni 17 hivi. Zinasikika nyingi, lakini eneo hilohilo lina atomu kama milioni bilioni kwenye uso wake. Ni elektroni moja kwa kila atomu elfu 60. Umeme tuli wote tunaouona, cheche, nywele kusimama, gauni kung'ang'ania miguu, unatokana na wizi mdogo kiasi hicho.

Nini kisuguliwe na nini

Kinachohamisha chaji ni kugusana na kuachana. Kusugua kunaongeza tu idadi ya sehemu zinazogusana, maana nyuso mbili zilizowekwa pamoja hugusana kwenye vinundu vichache. Ushahidi ni selotepu. Bandika kipande cha sentimita 15 juu ya meza, bandika cha pili karibu yake, vyote vikiwa na ncha iliyokunjwa ya kushikia. Vibandue kwa haraka, uvisogeze mgongo kwa mgongo: vinakimbiana, kwa sababu vimetendewa sawa na vina chaji sawa. Sasa chukua vingine, safari hii cha pili kibandikwe juu ya mgongo wa cha kwanza. Vibandue pamoja kutoka mezani, vipitishe taratibu katikati ya vidole ili chaji ya meza iondoke, ndipo uvitenganishe. Vinavutana. Hapa hakuna kilichosuguliwa. Jaribio hili linafanya kazi hata pwani, kwa kuwa chaji inahama dakika hiyohiyo unapopima. Ukiwa na saa moja tu na darasa la watu 60, anza nalo.

Vitu hupangwa kwa tabia ya kutoa au kuchukua elektroni. Upande wa watoaji kuna ngozi ya binadamu, kioo, nailoni, sufu na nywele. Katikati kuna karatasi na pamba. Upande wa wachukuaji kuna polista, stairofomu, polithini, PVC na tefloni mwishoni kabisa. Ukitaka chaji nyingi, oanisha vilivyo mbali: bomba la PVC na kitambaa cha sufu linashinda rula na shati la pamba. Mpangilio huu si sheria ya chuma. Uchafu, joto na hata rangi iliyopakwa vinaweza kubadilisha nafasi ya vitu vilivyo jirani, kwa hiyo usibishane na mtu kuhusu nywele na sufu nani atangulie.

Hapa lugha yetu inatutega. Mfuko tunaouita "wa nailoni" si nailoni, ni polithini. Nailoni halisi, ya soksi ndefu na kamba za kuvulia samaki, ni mtoaji. Polithini ni mchukuaji. Mtu anasoma kwamba nailoni hupata chaji chanya, anachukua mfuko, anapata hasi, anadhani kitabu kimekosea. Mifuko yenyewe imeadimika tangu Kenya ilipoipiga marufuku mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019, basi tumia kipande cha bomba la maji la PVC cha sentimita 30. Kinapatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi na kinadumu kuliko rula. Mtego wa pili ni sweta la shule. Mengi yanayouzwa kama sufu ni akriliki, ambayo iko upande wa wachukuaji kama PVC, na matokeo yake ni chaji kiduchu. Soma lebo. Kanga na shuka za pamba achana nazo: pamba iko katikati, tena inanyonya unyevu.

Nywele fupi si tatizo. Nywele zenye mafuta ndizo tatizo, maana mafuta yanaacha utando juu ya rula na kuanzia hapo unasugua mafuta kwa mafuta.

Inakovujia

Watu wengi husema hewa yenye unyevu hupitisha umeme. Si hivyo. Hewa yenye mvuke ni kihami (kitu kisichopitisha umeme) kizuri karibu sawa na hewa kavu. Kinachovujisha ni tabaka jembamba la maji linalonata juu ya uso wa rula, kioo au kitambaa, ambalo ukiliangalia kwa macho hulioni. Maji safi peke yake yangevujisha polepole, lakini uso wa rula una chumvi ya jasho la vidole, na ukiwa karibu na bahari, chumvi ya upepo pia. Chumvi ikilowa inakuwa waya. Chaji inateleza juu ya uso hadi mkononi mwako, inashuka kupitia mwili hadi ardhini, na wewe bado unasugua.

Kwa hiyo dawa ni mbili, kusafisha na kukausha, kwa mpangilio huo. Osha rula au bomba kwa sabuni ya kawaida, suuza kwa maji mengi hadi utelezi uishe, kisha usiishike tena ila kwenye ncha moja. Ianike. Kabla tu ya jaribio ipulizie drai ya nywele, ile ya saluni, kwa dakika moja, na kitambaa vilevile. Drai haiondoi maji hewani, lakini hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 ikipashwa hadi nyuzi 50 unyevu wake unashuka chini ya asilimia 30, na utando juu ya rula unakauka. Una dakika chache kabla haujarudi. Usipokuwa na drai, jua la saa sita juu ya bati linafaa, au chumba chenye kiyoyozi kilichowashwa tangu asubuhi, kwa kuwa kiyoyozi kinatoa maji hewani kweli. Ndiyo yale yanayodondoka nje ukutani.

Usikaushe kwa mshumaa. Moto unajaza hewa ioni za chanya na hasi, na kitu chochote chenye chaji kilicho juu yake kinazivuta zile za kinyume na kuishiwa mara moja. Ila ubaya huo una matumizi: unapotaka kufuta chaji yote kwenye rula ili uanze upya, ipitishe sentimita kumi juu ya mwali kwa sekunde mbili. Kuifuta kwa mkono hakutoshi, kwa kuwa kihami kinatoa chaji pale tu ulipogusa.

Tofauti ya kihami na kipitishi ni hiyohiyo: kwenye kihami chaji inakaa ilipowekwa, kwenye kipitishi inasambaa papo hapo. Kijiko cha chuma ukikisugua kinapata chaji kama rula, lakini inakimbilia mwilini mwako. Kishike kwa mpini wa plastiki safi, kitaihifadhi. Na ubao mkavu? Kwa umeme wa nyumbani ubao ni kihami cha kutosha. Kwa umeme tuli ni kipitishi kibovu lakini kipitishi: volti ni maelfu na chaji ni kidogo sana, hivyo hata njia nyembamba inaimaliza kwa sekunde. Karatasi iko hivyohivyo, na ndiyo sababu vipande vinarukia rula, vinakaa kidogo, halafu vingine vinarushwa mbali. Mwanzoni elektroni zilizo ndani ya karatasi zinasogezwa tu na rula, upande wa karibu unabaki chanya na kuvutwa. Vikishagusa vinapokea chaji ya rula, vinafanana nayo, vinafukuzwa.

Kutokana na hilo, kuvutana hakuthibitishi kwamba kitu kina chaji. Kisicho na chaji nacho huvutwa. Kinachothibitisha ni kusukumana peke yake.

Elektroskopu ya chupa ya jemu

Elektroskopu ni kifaa cha kuonyesha kama kitu kina chaji. Chukua chupa ya kioo yenye kifuniko cha plastiki. Toboa kifuniko tundu la sentimita mbili. Waya wa shaba wa sentimita 15, uliomenywa, upite katikati ya tundu bila kugusa kingo. Mimina nta ya mshumaa kuuzunguka hadi unene wa sentimita moja. Nta ndiyo roho ya kifaa: haishiki maji. Kizibo cha gome au ubao kitavujisha kila unachoweka. Usiiguse nta kwa vidole ikishaganda.

Ncha ya chini ikunje iwe ndoano, utundike vipande viwili vya foili, kila kimoja sentimita nne kwa nusu sentimita, viwe vinaning'inia vikigusana. Foili ya pakiti ya sigara, ikibanduliwa karatasi yake, ni nyepesi kuliko ya jikoni na inafunguka zaidi. Inyooshe kwa kucha. Kona iliyojikunja inazishika pamoja. Ncha ya juu ivike kibonge laini cha foili cha sentimita tatu, kwa sababu ncha kali ya waya inavujisha chaji hewani. Ndani ya chupa weka vile vidonge vyeupe vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vikiwa vya zamani vimwage kwenye sufuria kavu, vipashe moto mdogo nusu saa, vipoe ndani ya chombo kilichofungwa.

Mtihani wake: gusisha bomba lenye chaji, foili zifunguke, ondoa bomba. Zikibaki wazi dakika kadhaa, umefaulu. Zikifunga ndani ya sekunde tano, nta ina uchafu au waya unagusa kifuniko.

Sasa unaweza kuipa chaji bila kuigusisha bomba. Sogeza bomba la PVC lenye chaji hasi karibu na kibonge, foili zinafunguka. Bomba likiwa palepale, gusa kibonge kwa kidole: zinafunga, kwa kuwa elektroni zilizosukumwa zimepata njia ya kwenda ardhini kupitia kwako. Ondoa kidole. Halafu ndipo uondoe bomba. Foili zinafunguka tena, na safari hii chaji ni chanya, kinyume cha bomba. Wanaoshindwa hapa karibu wote wameondoa bomba kwanza wakati kidole bado kipo. Elektroni zinarudi kwa njia ileile na unabaki na sifuri.

Sinia inayotoa cheche

Kanuni hiyohiyo kwa ukubwa zaidi ni kifaa ambacho Alessandro Volta alikitangaza mwaka 1775. Chukua ubao wa stairofomu, ule unaofungiwa televisheni mpya, upana sentimita 25, na sinia bapa ya alumini ndogo kidogo kuliko ubao, yenye kingo zilizoviringwa. Gundisha kikombe cha plastiki katikati ya sinia kiwe mpini. Sugua stairofomu kwa sufu nusu dakika. Weka sinia juu yake, iguse kwa kidole (utasikia mchomo mdogo), toa kidole, inua kwa mpini. Sogeza kifundo cha kidole kingine: cheche ya nusu sentimita, ambayo ni kama volti 15,000. Rudisha sinia, gusa, inua, cheche tena. Mara ishirini bila kusugua upya.

Kila mara yupo anayesema huo ni umeme wa bure. Chaji ya ubao haipungui kwa kuwa sinia inaugusa kwenye vinundu vichache tu, lakini nishati ya cheche unailipa wewe: sinia na ubao vinavutana, na unapoinua unafanya kazi dhidi ya mvuto huo. Usiiunganishe na chupa iliyozungushiwa foili ndani na nje ili kulimbikiza. Hapo mchezo unageuka kuwa pigo, na mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo akae mbali na yote haya.

Mwili wako nao ni kopo la chaji

Mtu aliyesimama ana uwezo wa kuhifadhi chaji wa kama pikofaradi 100 (faradi ni kipimo cha uwezo huo). Akifika volti 3,000 ndipo anaanza kuhisi cheche kidoleni. Chini ya hapo hajui kitu. Kwa volti hizo amebeba nishati ya milijuli 0.45, na mvuke wa petroli uliochanganyika vizuri na hewa huwaka kwa kama robo ya milijuli. Yaani cheche ndogo kabisa unayoweza kuihisi tayari inatosha.

Kwetu wahudumu ndio wanaoshika pampu, kwa hiyo hatari kubwa iko kwenye madumu. Petroli inayopita kwenye bomba inaondoka na chaji. Dumu likiwa juu ya zulia la plastiki nyuma ya pikapu, chaji haina pa kwenda. Kopo la chuma mahali hapo ni baya zaidi, maana linaitoa yote kwa cheche moja. Lishushe chini sakafuni, mdomo wa pampu uguse mdomo wa dumu muda wote, mafuta yaende polepole, na faneli ya plastiki ikae kando. Malori ya mafuta hufungwa waya wa ardhini kabla ya kushusha kwa sababu hiyohiyo.

Fundi simu yuko upande wa pili wa kipimo. Baadhi ya chipu huumia kwa volti mia moja au chini yake, mara thelathini chini ya unachoweza kuhisi, na wakati mwingine haifi siku hiyo. Inarudi na mteja baada ya mwezi. Bangili ya kujiunganisha na ardhi ina rezista (kizuizi cha mkondo) ya megaomu 1 ndani ya waya wake. Inamaliza chaji ya mwili kwa chini ya milisekunde moja, na mkono mwingine ukigusa kwa bahati mbaya volti 240 inaruhusu miliampea 0.24 tu. Ipime kwa mita kila wiki, kati ya bamba linalogusa ngozi na kibanio. Ikisoma megaomu 1 ni nzima. Ikisoma sifuri rezista imerukwa, itupe, ni hatari kuliko kutovaa kitu. Isiposoma chochote, waya umekatika ndani. Kibanio kifungwe kwenye fimbo iliyozikwa ardhini au chuma kilichounganishwa nayo kweli, maana nyumba nyingi zina tundu la tatu la soketi ambalo nyuma yake hakuna waya. Zile bangili zisizo na waya zinazouzwa mtandaoni hazifai hata kwa mapambo ya kazi: chaji inafika kwenye bangili, haina inakoelekea, inabaki palepale mkononi.